Nyimbo za Nabwile

Teksi ya Probox ilikuwa ikipita mji wa Kiminini wakati Jepkemboi alipochomeka flashi ya abiria jirani, Mwalimu Hesbon, kwenye laptopu yake. Nyimbo za Kibukusu alizotunga marehemu mkewe, Nabwile, zilikuwa zimekataa kufunguka tangu kampuni iliyotengeneza programu aliyoziandikia ilipoacha kuiendeleza.

Ukurasa ukatokea. "Ni zenyewe!" Hesbon akapiga kelele hadi dereva akashtuka.

"Sasa nazihifadhi kwa muundo huria, mwalimu. Programu yoyote itazisoma," Jepkemboi akasema.

"Ati? Usiguse, madam! Ziache vile Nabwile aliziandika."

"Maneno hayabadiliki. Huo muundo wa kampuni moja si ndio ulizifungia?"

"Ulizifungia, lakini ndio alioutumia Nabwile!"

Walibishana hivyo hadi gari likasimama Bungoma. Jepkemboi aligeuka amjibu, akamkuta mzee amekodolea macho kioo cha laptopu, anaimba ubeti wa kwanza kwa sauti kubwa, na hakuna abiria aliyeshuka.