Sauti Iliyoitika Hodi: Maisha ya Mzee Mwau Muange wa Majimboni

Marehemu Mzee Mwau Muange alizaliwa tarehe 17 Agosti 1956 huko Mackinnon Road, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Muange Mulinge na marehemu Kanini. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba kabla hata hajajua kusema, mtoto huyu alinyamaza kila treni ilipokaribia, akainua kichwa, na hakurudia kulia mpaka behewa la mwisho lipotelee mbali. Mashahidi wa habari hiyo wote wametangulia mbele ya haki, kwa hivyo tunaipokea kama tulivyopewa. Mwaka 1965 wazazi wake walipata shamba katika makazi mapya ya Shimba Hills, wakahamia Majimboni. Huko alikulia, katikati ya michungwa na majirani Wadigo waliomfundisha Kiswahili kilichonyooka, na pia kwamba mlango wa mtu haupitwi bila hodi.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Shimba Hills, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Nafasi ya sekondari hakuipata. Useremala alikuwa ameshauonja kwa baba yake, na mwaka uliofuata akapelekwa Kombani kwa Bwana Swabir, fundi wa redio. Bwana Swabir hakumpa bisibisi. Alimketisha mbele ya redio mbovu, akamwambia, "Sikiliza, kisha uniambie inaumwa wapi." Ilipita miezi kabla hajaruhusiwa kufungua hata moja. Marehemu alikuwa akisema kwamba wenzake walikwenda chuo kujifunza kusema, yeye akaenda Kombani kujifunza kunyamaza, na kwamba hakuona nani aliyepunjika.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani kutunza vyombo vya bendi, akaifanya kazi hiyo mpaka hoteli ilipofungwa mwaka 2012. Huko walimpachika jina la Nyekundu kwa Nyekundu, kwa sababu kila kijana aliyeshika waya mbele yake alifokewa maneno hayo hayo: waya mwekundu kwa alama nyekundu, mweusi kwa nyeusi, na asiyejua rangi akauze madafu. Yale maspika makubwa ya jukwaani aliyatunza vizuri sana, lakini hakuyapenda. Alisema yanajua kupiga kelele, kusema hayajui.

Mapenzi yake yalikuwa kwenye vibanda vidogo vya spika alivyounda mwenyewe nyumbani, viwili viwili, vya kubebwa kwapani. Mbao zilikuwa za mvule, kutoka vitanda vikuukuu. Tundu la kupumulia lilikuwa kipande cha bomba la maji. Ndani alitia sufi, na wageni waliowahi kulala kwake sasa wajue kwa nini mito ya nyumba ile ilikuwa imekonda. Kila kibanda kilikuwa na spika mbili: wufa ya inchi tano kwa sauti nzito, na twita, ndogo kama kifuniko cha chupa, kwa sauti nyembamba. Kati ya hizo mbili aliweka vigawa sauti, kapasita na koili, aliyoisokota kwa waya wa shaba wa pampu iliyokufa, ili kila sauti ielekezwe kwenye spika yake. Ngoma na gitaa havikumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa mtu anayesema. Alieleza kwamba sauti ya mtu hupita mpakani, kifua chake kiko kwenye wufa na meno yake kwenye twita, na hizo mbili zisipopatana hapo mpakani, mtu hukatika vipande viwili. Sisi tuliomsikia akieleza tuliitikia kwa adabu, tukarudi kwenye chai yetu. Hatukujua tulikuwa tunaambiwa nini.

Tarehe 5 Desemba 1981 marehemu alifunga ndoa na Kahaso Garama, binti wa wafugaji wa nyika ya Mackinnon Road. Alikuwa amekwenda kuwaona jamaa zake, akasikia mtu ng'ambo ya vichaka akiita mbuzi, akauliza ile sauti ni ya nani. Kwa maneno yake mwenyewe, aliposa sauti kwanza, mwenyewe akamwona baadaye. Mungu aliwajalia watoto watatu: Muange, Dianah na Mumbe.

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Mwaka 1994 aliirekodi kwenye kaseti, Mama yetu akisema vile alivyozoea kusema kila siku ya Mungu: "Karibu, pita ndani, sisi tupo." Kila alipomaliza jozi ya spika aliificha nyuma ya pazia, akangoja mgeni. Mgeni akipiga hodi, Baba alibonyeza kaseti. Mgeni aliyevua viatu na kuingia huku akimwuliza Kahaso hali yake, hiyo ilikuwa spika. Mgeni aliyesimama nje akauliza kama redio imewashwa, spika zile zilifunguliwa siku hiyo hiyo. Wengi waliokaa hapa leo walipimiwa spika bila kujua, na familia inaomba radhi. Kwa miaka yote ile karibu kila mgeni alisimama nje.

Mwaka 2017 Mama alipasuliwa koo. Maisha yake yaliokoka, tunamshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono ambao haufiki hata mlangoni. Hapo ndipo lilipotupata jambo ambalo hatukulitarajia. Watu walikuja kumjulia hali, wakapiga hodi mara tatu kama desturi inavyotaka, wakasikia kimya, wakarudi zao. Mama alikuwa ndani, amewasikia, amewajibu, na hawakumsikia. Wapo waliodhani hatupo, na wapo waliodhani tumewanyima karibu, na kwetu pwani hilo si neno dogo. Ua ule uliokuwa haukauki nyayo ukapoa. Muange alimletea kengele. Mama alimrudishia, akamnong'oneza kwamba kengele ni ya mbuzi.

Baba akarudi kwenye ile kaseti. Alimwahidi mkewe kwamba nyumba yao itaitika tena, na itaitika kwa sauti yake mwenyewe. Akaunda jozi moja, akaunda nyingine. Kila alipomsikilizisha, Mama alitikisa kichwa na kunong'ona neno lile lile: "Huyo si mimi, Baba Muange. Huyo ni redio." Hakumsema kwa ubaya. Lakini tulimwona akigeuza uso, na tulimwona Baba akichukua bisibisi. Tulimsihi amwache mama yetu apumzike, kwa maana tulidhani anamtonesha kidonda. Tulikosea, na tunalisema mbele yenu.

Wakati huo kisukari, kilichogunduliwa mwaka 2015, kilikuwa kimeshaanza kumla macho. Kufikia mwaka 2023 alifanya kazi kwa kupapasa. Mwezi wa Novemba mwaka huo alifunga jozi yake ya mwisho, akaunganisha waya kwa vidole, akaificha nyuma ya pazia kama kawaida. Mchana jirani yetu Bi Mwanaima akasimama uani akapiga hodi. Baba akabonyeza.

"Karibu, pita ndani, sisi tupo."

Bi Mwanaima alivua viatu. Kisha akakumbuka kwamba sauti ile haikuwa imesikika kwa miaka sita. Aliingia na kiatu kimoja mkononi, machozi yakimtoka. "Alhamdulillahi, Kahaso, umerudishiwa sauti?"

Mama alikuwa ameketi kitini, mkono mdomoni. Hakumtazama Bi Mwanaima. Alilitazama pazia, kisha akanong'ona, "Huyo ni mimi."

Nasi tulikuwapo. Tulikuwa tumesikia maspika maisha yetu yote, ya kanisani, ya harusini, ya hoteli kubwa. Siku ile hatukusikia spika. Tulimsikia mama yetu, pumzi yake, tabasamu lake ndani ya neno karibu, akiwa amesimama chumbani mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Muange alipokagua kazi ya Baba aliona kosa. Waya za twita zilikuwa zimepishana, mwekundu kwa nyeusi na mweusi kwa nyekundu, kwa sababu macho ya Baba yalikuwa hayatofautishi tena. Mtoto mwema akazirekebisha, akapiga kaseti. Mama akagonga sakafu kwa fimbo. "Amekwenda," akanong'ona. "Mrudishe." Zilipopishanishwa tena, mama akarudi. Ndipo Baba alipoelewa kwamba katika ile njia yake ya kugawa sauti, wufa na twita zilikuwa zikivutana pale pale mpakani, na kwamba kugeuza waya kumezifanya ziende pamoja. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Miaka yote hiyo nimewafokea watoto wa watu." Tangu siku hiyo kitufe kipo kando ya kiti cha Mama, na ua wetu haujakauka nyayo tena.

Mwaka jana figo za marehemu zilianza kuchoka. Alitibiwa kwa upendo Msambweni, akarudi nyumbani, akalazwa tena mwanzoni mwa Machi. Kila tulipokwenda kumwona swali lake lilikuwa moja: leo nani kapiga hodi? Tulimtajia mmoja mmoja, naye akafumba macho akiwasikiliza. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, aliuliza, akatajiwa, akasema, "Basi nyumba haijambo." Saa nne akatutoka.

Ameacha mjane, Kahaso Garama, watoto wake Muange, Dianah na Mumbe, wajukuu watano, ndugu yake Mulinge, na majirani ambao hakuwahi kuwaita majirani, aliwaita wenyeji wake. Leo hatukukodi vyombo vya muziki. Hivi vibanda viwili vya mvule mnavyoviona juu ya meza ndivyo vinavyowaletea maneno haya, na jioni vitarudi nyuma ya pazia lao.

Tunajua baada ya mazishi watu huona haya kumsumbua mfiwa. Msione haya. Njooni Majimboni, simameni uani, pigeni hodi. Mtaitikiwa na sauti mnayoijua, nanyi vueni viatu mpite ndani.

Na yeye leo amesimama mlangoni pa Mola wake, amepiga hodi. Ee Mungu, usimcheleweshe nje mtu ambaye hakupenda mgeni aachwe kimya. Mwitikie, aingie, akapumzike kwa amani.