Taa Iliyokonyeza Usumbura

Mwaka ule wa sitini na ine, waasi walikuwa wameshika Uvira, lakini kahawa ya Venant ilikuwa ingali tamu. Benchi yake ilikuwa pale Mulongwe, ubao moja juu ya mawe mbili, na mangaribi kila muntu alijua nafasi yake. Ya Sylvestre ilikuwa mwisho, upande wa ziwa. Siku ile hakunywa. Asubuhi mupiganaji moja wa waasi alikuwa amemuambia: «Taa ya dirisha yako inawaka, inazimika, inawaka. Unatoa alama kwa adui kule Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Giza likiingia tutakuya kuangalia. Ikikonyeza mara moja tu, tunakubeba.» Na wale waliobebwa, hakuna aliyewaona tena.

— Uzime taa basi, Venant alisema, akimimina.

— Walikataza. Nikizima, watasema ninaficha kitu.

Protais, waliyemwita Dinamo sababu baiskeli yake ndiyo peke ilikuwa na taa, alikohoa kwanza.

— Kuran ya umeme haina ubaya, yaya. Inatoka mbali, ku milima. Ikifika huku imechoka, inapumzika kidogo.

— Inapumzika kwangu tu? Kwa majirani haichoke?

— Dinamo, usidanganye muntu muzima, alisema Antoine muvuvi. Iko samaki moja mu ziwa, ukimugusa, mukono inatetemeka mpaka ku bega. Ule ndiye anakula kuran. Nyumba ya Sylvestre iko karibu na maji, anakuya kulia pale.

— Anapanda ku nguzo ya waya? Dinamo aliuliza.

— Weye ulishamuona akishuka?

Wakacheka. Hata Sylvestre alicheka, na kicheko kikamuuma, sababu aliona namna benchi itakaa kesho, watu tatu, na nafasi wazi upande wa ziwa.

— Minye ndiye ninajua, Venant alisema. Muzungu wa Sylvestre, mwenye nyumba ile, alipokimbia ku indépendance, siku za uhuru, alifunga nusu ya kuran mu valizi, sanduku yake ya safari. Kila mara anafungua valizi kule Ulaya, huku inakatika.

— Na akiifunga?

— Inarudi, bwana! Si unaona?

Mama moja alikuwa ametua kapu lake la mihogo karibu na benchi, kupumzisha shingo. Jina lake Concilie, wa Nyakabere, na pale ku benchi hakuna aliyemujua. Alikuwa amesikia yote.

— Baba, kuran inaingilia wapi mu nyumba yako?

— Mu tablo, mama. Kisanduku ya ku ukuta. Ndani iko visi za kukaza waya, na fizibo za kulinda kuran.

— Na ndani ulikuta nini?

Sylvestre alishangaa. Miaka kumi alikuwa boyi, mutumishi wa muzungu, mu nyumba ile, na sasa miaka ine ni yake. Kila asubuhi alipangusa kifuniko cha tablo mpaka kinangaa.

— Sifungulake. Iko maandishi kwa Kifaransa: ni marufuku kufungua. Zamani niliambiwaka tu. Sasa nimesoma masomo ya mangaribi ku misioni. Nilisoma minye mwenyewe, herufi kwa herufi!

— Vizuri sana, baba. Na maandishi ilikataza nani kufungua?

— Boyi.

— Mu nyumba ile, sasa, boyi ni nani?

Venant alisahau kumimina.

Sylvestre aliomba kisu cha Venant, akaenda mbio. Alikata kuran yote ku swichi kubwa, akapangusa mikono mu suruali, akafungua tablo. Visi moja ilikuwa imelegea, na kichwa cha waya kimeungua cheusi. Alikikwangua, akakaza visi mpaka mukono ukamuuma, akarudisha kuran.

Kamio, lori ya wapiganaji, ilikuya giza likiingia. Nyumba ilitetemeka, vikombe vikalia mu kabati. Taa haikupepesa. Walisimama, wakaangalia dirisha mpaka wakachoka, wakaenda.

Sylvestre alikuwa angali mbele ya tablo wazi, kisu mukononi, akisikiliza kama kuna muntu anakuya kumugombeza.