Mama Bahasha na Picha ya Miaka Miwili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo namkumbuka mtu ambaye wengi wenu mnaijua sauti yake. Aliwahi kukaa kwenye kiti hiki mbele yangu, akacheka mpaka fundi mitambo wetu akakimbilia kupunguza sauti. Mama Bahasha amefariki. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja, kwa uvimbe kwenye uti wa mgongo. Na mimi mtangazaji wenu nina neno langu juu ya kifo hicho. Nitalisema. Ila kwanza tumjue.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mapokezi kwenye kituo cha picha za hospitali. Eksirei, ultrasaundi, CT, MRI, zote zilipita dirishani kwake. Yeye hakupiga picha. Yeye alitaja bei. Mgonjwa akisikia bei anashukuru, anasema ngoja nikachukue hela kwenye gari, na harudi. "Gari gani?" aliniambia siku moja. "Mtu kaja kwa miguu, viatu vyote vumbi. Nilikuwa najua. Nilikuwa natazama meza tu."

Ndipo akaanza kunong'ona. Kabla hujalipa, uliza kama ripoti ya daktari imo kwenye bei au inalipiwa mbali. Pita hospitali ya serikali uulize; foleni ndefu, lakini bei inaweza kuwa nusu. Mrudie daktari, muulize kama ultrasaundi inatosha. Mwenye bima, tafuta kibali kabla, usingoje baadaye. Na picha yako ya zamani usiitupe, uje nayo, wasikupime upya bila sababu.

Bosi wake alimwita ofisini. "Wewe umeajiriwa na mimi au na wagonjwa?"

Akamjibu, "Mshahara unanipa wewe, bosi. Salamu wananipa wao."

Hakufukuzwa. Ni yeye peke yake aliyejua kila faili lilipo.

Alipostaafu, majirani walimletea bahasha zao kubwa za picha awatunzie, na jina likaanzia hapo. Alizilaza chini ya godoro zisikunjike. Mumewe, fundi bomba, akawa analalamika: "Jamani, mimi nalala juu ya mbavu za mtaa mzima!"

Nikamwalika hapa redioni. Nikamuuliza, picha ya zamani ina faida gani? Akasema, "Mwanangu, picha haiozi." Mkaipenda kauli hiyo. Mkatuma ujumbe mwingi. Nami nikaidaka, nikawa nairudia kila wiki. Picha haiozi. Nilijiona hodari kweli.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka mitatu kabla ya kufa, Mama Bahasha aliteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Akapiga MRI ya mgongo, akatibiwa, akapona. Mwaka jana maumivu yakarudi. Hayakuwa yale yale. Safari hii mguu wa kushoto ulikufa ganzi. Ndala ilimvuka mguuni njiani, akatembea hatua kumi bila kujua. Daktari akaandika MRI mpya. Bei yake ilikuwa pensheni yake ya miezi mitatu.

Mdogo wake wa kiume, fundi viatu, alimwambia, "Dada, mimi nitalipa."

"Ulipie picha ya nini, nami nina picha ndani?"

Akaichukua ile ya zamani, akaenda nayo kwa daktari mwingine. Daktari akauliza ni ya lini. Mama Bahasha akajibu, "Juzi juzi tu." Tarehe ilikuwa pembeni, kwa herufi ndogo. Daktari hakuisoma. Akampa vidonge na mazoezi. Miezi minane, wasikilizaji. Miezi minane ya vidonge na mazoezi, kwa picha ya miaka miwili.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu alijiganga, tena kwa dawa aliyowagawia wengine.

Siku miguu ilipogoma kabisa, mumewe alimbeba mgongoni mpaka kwenye kile kituo alichofanyia kazi. Walipomwona tu, wakampunguzia bei nusu. Hakuwa ameomba. Yeye aliyewafundisha watu kuuliza, kwa ajili yake mwenyewe hakuuliza.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, alikuwepo. Anasema mpiga picha alizibandika picha zote mbili kwenye taa, ya zamani na mpya, akaweka kidole kwenye uvimbe wa ile mpya. "Mama akazitazama. Akaniambia, 'Miezi yote hii nilikuwa namtibu yule aliyeteleza. Huyu wa sasa sikumtibu.'"

Wiki mbili kabla hajafa nilikwenda kumwona. Alikuwa kwenye kiti, shuka magotini. Hakutaka pole zangu. "Ile kauli wewe ndiye uliyeieneza," akasema. "Irudishe. Waambie picha ya zamani ni ya kulinganisha. Ugonjwa mpya unataka picha mpya."

Nikamwambia, "Mama, watu watakucheka."

"Wacha wacheke. Watacheka wakiwa hai."

Nikaahidi. Wasikilizaji wapendwa, sikutimiza. Wiki ya kwanza niliona haya, nikasema wiki ijayo. Wiki ya pili nikasema wiki ijayo. Binti yake ameniambia kwamba vipindi vyote viwili mama yake aliomba redio isogezwe karibu, akakaa akisubiri. Kipindi kikiisha anasema, "Labda kasahau." Sikusahau. Niliogopa kuonekana nimekosea.

Siwalaumu mnaokwepa vipimo. Bei inatisha, na inaniudhi. Ingekuwa bei ya kibinadamu, mwanamke aliyejua mambo yote haya asingejidanganya. Ulizeni bei, zungukeni, pataneni, lipeni kidogo kidogo wanapokubali. Mama Bahasha alikuwa sahihi katika hayo yote. Alikosea moja, nami nikalipigia tarumbeta.

Kwa mumewe, kwa binti, kwa mdogo wake: poleni sana. Naomba radhi mbele ya watu wote. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe uliyeambiwa upige picha mpya, ukatusikia sisi wawili tukicheka hapa, ukaamua kukaa na ya zamani: kauli ile nimeirudisha. Nenda kapige. Usiseme wiki ijayo. Mimi nilisema hivyo mara mbili, naye akafa Jumanne.