Shibiri Moja ya Pindo

Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Cherehani za Miguu, Bertrams, Johannesburg, kwa mgeni rasmi Mama Thandeka Mabuza, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, siku ya kuwapa vyeti wanafunzi watano. Imeandikwa na wote, imesomwa na katibu, Lynette Auma.

Mgeni rasmi, Mama Mabuza, umetoka kwenye sala zenu za Alhamisi ukaja kwetu moja kwa moja, na sare ya kanisa ukiwa bado umeivaa. Nyumba yako namba kumi na saba inatazamana na chumba chetu hiki, lakini kuvuka barabara wiki hii si jambo dogo. Tumekuona ukivuka na tumeshukuru.

KARIBU

Utuwie radhi kwa kuwa tunasoma kwa Kiswahili. Kiingereza chetu ni cha kupimia watu nguo, na isiZulu chetu kinaishia kwenye salamu na "eish". Ndiyo maana tumemketisha Chloé, binti wa mwalimu wetu Marthe, hapo kando ya sikio lako. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa lugha yako. Tumemwambia atafsiri kwa kunong'ona, kwa sababu mlango uko wazi, watu wanapita, na humu mna maneno tunayotaka uyasikie wewe peke yako.

Blauzi nyekundu ya sare hiyo uliyovaa ilishonwa kwenye cherehani hiyo iliyo karibu na mlango. Marthe aliifumua kola mara tatu, maana ya kwanza ulisema inakufanya uonekane nesi. Hakukasirika. Kwa kweli alikasirika kidogo, lakini ulikuwa umeshaondoka.

TULIKOTOKA

Mama mgeni rasmi, miaka miwili iliyopita fundi mmoja Mreno kule Rosettenville alifunga duka lake kwa uzee. Alikuwa na cherehani tano za kukanyaga, nyeusi, zenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mikono ya watu ilipopita miaka mingi. Watoto wake hawakuzitaka. Tukazipakia kwenye bakkie, pikapu ya Pitchou, fundi viatu, tukaja nazo Bertrams tukiimba kwenye kila roboti, taa za barabarani.

Furaha ile haikumaliza siku. Hakuna hata moja iliyokubali kushona. Uzi ulikatika, mishono ikaruka, chini ya kitambaa nyuzi zikajikunja kama nywele za mtu aliyeamka. Sisi tunaojiita mafundi tulisukuma, tukakaza skrubu, tukalegeza, tukamwaga mafuta. Wengine tulikuwa tumeshawaita wakusanya vyuma waje wazichukue.

Marthe akavuta kiti. Alijifunza kushona Uvira, kwa shangazi yake, kwenye cherehani ya namna hii hii. Alichomoa sindano ya kwanza akaipitisha kwenye ukucha wake, akatutazama wote kwa zamu.

"Munailazimisha," akasema. "Hii iko mashini, haiko punda."

Kosa lilikuwa letu. Sindano ya cherehani ina upande mmoja uliobapa juu, na upande wa pili ina mfereji mwembamba unaoshuka mpaka kwenye tundu. Uzi huingilia upande wa mfereji na kutokea upande wa ubapa. Sisi tulizoea cherehani za umeme za majumbani, tukaweka ubapa nyuma. Hizi za zamani zinataka ubapa uwe kushoto, na uzi uingie kutoka kulia. Sindano tano zote tulikuwa tumezigeuza, na kwa kosa hilo tulitaka kuziuza kama vyuma chakavu.

Marthe aligeuza sindano, akatunga uzi bila kuutazama, akalivuta gurudumu kuelekea kwake kwa mkono, kisha miguu ikafuata. Cherehani ikashona. Mwenzetu Murielle alilia, ingawa leo anakana.

Jambo la pili alilotufundisha ni la miguu, na tunaomba ulikumbuke tutakapofika mbele. Kanyagio linataka mguu usiosita. Mguu ukisita, gurudumu hurudi nyuma, na likirudi nyuma uzi hukatika. Kwa hiyo kila mwanafunzi mpya Marthe humwambia: "Ukiwa na woga, kaa kando kwanza. Mashini inajua." Alikuwa akisema hivyo huku akicheka.

TULIYOYAFANYA

Mama, tumeshona. Umeme ukikatika mtaa mzima, humu ndani sauti ya kanyagio haikatiki. Tumeshona sare za shule, mapazia, nguo za harusi mbili na za mazishi mengi. Nusaiba, aliyekuja hapa hajui kushika mkasi, sasa anapachika zipu bila kuweka pini. Murielle anakata suruali ya mtu kwa kumtazama tu akipita, jambo tulilomkataza kwa sababu za adabu.

Wanafunzi wanaohitimu leo ni watano. Wawili kati yao, Zinhle na Palesa, ni wasichana wa mtaa huu, watoto wenu. Walikuja kila siku miezi minane. Zinhle ndiye aliyemfundisha Marthe kusema "kaa chini" na "simama wima" kwa isiZulu, ili aweze kupima wateja.

Leo viti vyao viwili viko wazi. Vyeti vyao viko mezani, majina yameandikwa vizuri. Walituma ujumbe kwamba nyumbani wamekatazwa kuja mpaka Jumamosi ipite. Hatuwalaumu hata kidogo.

YANAYOTUSUMBUA

Hapa ndipo tunapokuomba uvumilivu, Mama, nawe Chloé usikimbize maneno.

Jumatatu asubuhi mtu mzima mmoja, mwenye heshima zake, aliingia humu na kitambaa cheupe cha mita sita kilichokunjwa. Kilikuwa kimepakwa herufi kubwa nyekundu. Alitaka pindo pande zote nne, na vitanzi kwenye ncha mbili ili mti upite. Alisalimia vizuri. Marthe akakitandika mezani, akazisifu herufi kwamba zimenyooka, naye akasema asante. Kwenye karatasi ya oda hakuandika jina. Aliandika siku ya kuchukua, Ijumaa, na namba ya nyumba, kumi na saba. Sisi hatukuongeza neno hapo, na leo hatuongezi.

Chloé, litafsiri hilo polepole, wala usimtazame mama yako.

Marthe alidhani ni kitambaa cha kanisa, au cha mpira, maana uwanja uko karibu nasi na watu hupita na vitambaa kila wiki. Alikipiga pasi kwa nyuma ili rangi isinate. Akachagua uzi mwekundu ufanane na herufi. Hakuambiwa, alichagua mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyo. Kazi ya mtu haitoki mikononi mwake ikiwa nusu nusu. Alishona upande wa juu wote akiimba.

Chloé alirudi kutoka shule begi likiwa bado mgongoni. Akasimama mlangoni akasoma.

"Chloé," Marthe akamwita, bila kuinua kichwa, "hii maandiko iko inasema nini? Ni kwaya gani?"

Mtoto akashusha begi sakafuni.

"Chloé?"

"Mama, eish," akasema. "Ni sisi."

Akatusomea. Maneno yale yalitaja mtaa wetu kwa jina. Yalisema wageni wote wa mtaa huu watoke Jumamosi kabla ya saa sita mchana, na kwamba asiyetoka atatolewa. Mguu wa Marthe ulikuwa bado juu ya kanyagio. Gurudumu likarudi nyuma, na uzi ukakatika.

Mgeni rasmi, tunaogopa. Tuliandika kwanza kwamba "tuna wasiwasi kiasi", tukakaa tukalisoma neno hilo, tukalifuta. Tunaogopa. Mwaka jana watu walipita mtaa wa pili. Duka la Luqman, spaza ile ya kona iliyokuwa ikiuza mkate na sabuni, lilibaki fremu ya mlango. Siku hiyo Marthe alijificha na binti yake chini ya cherehani, akalishika gurudumu kwa mikono miwili saa nzima lisizunguke, kwa sababu likizunguka hulia. Mikono yake ilikufa ganzi mpaka siku ya pili. Na chumba hiki, kama unavyoona, kina mlango mmoja.

Tulibishana. Katibu wetu huyu anayesoma alisema, "Wacha tuirudishe tu, tuseme cherehani imeharibika." Murielle alisema kichomwe moto. Nusaiba akasema kipotee, tuape kwamba kimeibwa. Kila mmoja alikuwa na ujanja wake, na kila ujanja ulikuwa wa mtu anayetetemeka.

Marthe alikikunja kitambaa mara mbili. Kisha akasema: "Nikiirudisha bila kuimaliza, wataniuliza, wewe haujue kusoma kizulu, nani alikusomea? Na wote wanajua ni nani anasoma mu hii nyumba."

Hapo ubishi uliisha. Hakuna aliyemtazama Chloé.

Kwa hiyo alishona. Alikaa kwenye cherehani ile ile iliyoshona blauzi yako, Jumanne na Jumatano, akapinda kitambaa kinachomfukuza. Tulimwambia atuachie. Alikataa, akasema kosa likitokea liwe la mkono wake. Sindano ilikuwa sawa, ubapa kushoto. Uzi ulikuwa mzuri. Bobini ilijaa sawasawa. Lakini uzi ulikatika mara kumi na moja, tulihesabu, kwa sababu miguu yake haikukubali kwenda mbele. Kila ulipokatika aliutunga upya, akalamba ncha, akapitisha, akavuta gurudumu kuelekea kwake. Mwalimu wetu, aliyekuwa akitucheka sisi.

Alishona vitanzi vyote. Alishona pande tatu na karibu wa nne wote. Jana mchana, ikiwa imebaki shibiri moja, aliinuka, akaweka mikono kichwani, akasema, "Miye nimeshindwa." Hatujawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kitambaa chochote.

MAOMBI

Mama mgeni rasmi, maombi yetu ni matatu, na tumejitahidi yawe madogo.

Kwanza, tunaomba vyeti vya Zinhle na Palesa uwapelekee wewe. Waambie mikasi yao iko pale pale walipoiacha, na hakuna aliyeigusa.

La pili, ile sketi yako nyeusi uliyosema ni ndefu, uilete Jumamosi asubuhi. Si lazima mapema sana. Saa tatu inatosha. Tutaipunguza polepole, mpaka mchana hivi. Kiti chako tutakiweka nje, mbele ya mlango, kwa kuwa ndani kuna joto. Ukipenda kuja na wenzako wa Alhamisi, nao wakiwa wamevaa blauzi zao nyekundu, viti tutaazima. Chai itakuwepo. Hatusemi uje kufanya lolote. Uje tu kama mteja, ukae.

La tatu ndilo gumu. Ni desturi yetu siku ya vyeti mgeni rasmi akae kwenye cherehani ashone kidogo, watu wapige makofi. Kwa kawaida tunamwekea kipande cha kanga. Leo tumekuwekea ile shibiri moja. Kitambaa kimekunjwa chini ya karatasi ya kaki hapo mbele yako, na sehemu iliyobaki tumeibana tayari chini ya sindano.

Tunakuomba, kabla hujaweka miguu, ukikunjue chote ukisome. Wewe unaisoma lugha hiyo kuliko sisi. Kisome kwa sauti au kimya, utakavyoona. Usikisome kwa sababu ya yule aliyekileta. Yeye tunamjua ni mtu mzuri. Mwaka juzi alimbeba Chloé mgongoni mpaka kliniki alipovunjika mguu, na Marthe hajasahau. Labda hata yeye hakufikiri kitambaa kile kitapindwa na nani. Kisome tu.

Ukishasoma, ukitaka kushona, shona. Kazi ni ya mteja, na kesho tutaikabidhi nyumba namba kumi na saba ikiwa imepigwa pasi. Hatutakulaumu, na makofi tutapiga. Ukitaka kuinuka na kukibeba hivyo kilivyo, bila kumalizika, ukavuke nacho barabara, pia tutapiga makofi. Sisi hakuna anayethubutu kubisha hodi kwenye mlango ule.

Sindano ina ubapa kushoto. Gurudumu livute kuelekea kwako. Uzi tumekutungia, miguu itakuwa yako.

Mungu aliyekusikia asubuhi ya leo kwenye sala akusikie na Jumamosi. Ailinde nyumba namba kumi na saba, na wote walalao ndani yake, bila kumtoa nje hata mmoja.

Ni sisi, majirani zako wa ng'ambo ya barabara,
Kikundi cha Mafundi wa Cherehani za Miguu, Bertrams.