Vyura wa Buterere na Filamu ya Orlane

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Jabe, ubavuni mwa karakana ya Massoudi, hatua chache kutoka sokoni. Ni benchi moja refu la mbao, na mbele yake kuna jiko la mkaa la mama Sijaona na birika lake la kahawa ya tangawizi. Massoudi tunamwita Buji, kwa sababu kwake kila ugonjwa wa pikipiki, na hata wa binadamu, unaanzia kwenye buji, ile plagi ya kuwashia injini. Ilias muuza vitenge ni Methali: anazijua zote, na hajawahi kuitumia hata moja mahali pake. Mzee Aloys, mstaafu wa ofisi ya serikali, ni Dosye, yaani Faili. Mimi ni Gazeti, na sababu mtaiona wenyewe. Jumatano hiyo, saa nane mchana, Dosye alikuja na tai shingoni na bahasha mkononi, akakaa bila kusalimia. Kwa Dosye, ambaye husalimia hata mbuzi wa jirani, hilo si jambo dogo.

Sijaona: Muzee, kuna nini? Umekaa kama mutu mwenye amekosana na benchi.

Dosye: Nipe kahawa, mama. Sikulala.

Methali: Pole, muzee. Maji yakimwagika hayazoleki.

Buji: Kulala na maji, vinaungana wapi?

Methali: Buterere. Mutoto yake si ana filamu leo kule? Usiku wa maji.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Methali alikaribia kuwa sahihi. Wiki ile mji ulikuwa na festivali ya filamu za watu wanaojitegemea, wa kwetu na wa nchi jirani, na kila usiku ulikuwa na mada yake na mtaa wake. Jumatatu ilikuwa Kamenge, usiku wa kucheka, wanafunzi wakajaa hadi juu ya kuta. Jumanne ilikuwa hapa Jabe, usiku wa kazi, na Buji alinyanyuka katikati akaenda zake kwa sababu fundi wa kwenye filamu alishika spana kama kijiko. Leo ni Buterere, nje, kiwanjani, kando ya mashamba ya mpunga. Filamu ni nne. Kila mtazamaji anapewa punje moja ya mahindi aitie kwenye kopo la filamu aliyoipenda, na ile yenye punje nyingi inasafiri na festivali hadi Kigoma na Mwanza. Moja kati ya hizo nne ni ya Orlane, binti wa Dosye. Ni ya dakika ishirini, na ndani yake yumo mama mmoja tu wa Buterere, Lisette, amekaa anasimulia mafuriko. Huyo mama husema kwa sauti ndogo, karibu kunong'ona, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Dosye: Jana magaribi tulienda kujaribu sauti. Walisimamisha ekran ya filamu, wakaweka mabafle mbili kubwa za sauti, mama Lisette akafungua kinywa. Hatukusikia hata neno.

Mimi: Mikro ilikufa?

Dosye: Vyura.

Buji: Vyura?

Dosye: Vyura, mu mpunga. Elfu, elfu mbili, sijui. Wanaanza mara moja kama korali ya kanisa. Tekinisie anaongeza sauti, na wao wanaongeza.

Mimi: Lakini Orlane si alipiga picha kulekule Buterere? Hakuwasikia?

Dosye: Alipiga muchana, ndani ya nyumba, dirisha imefungwa. Chura ya muchana inalala.

Sijaona akammiminia kahawa, akaisogeza karibu na mkono wake. Dosye hakuigusa. Sisi wengine tulisogea kwenye benchi, maana kijiwe kikipewa tatizo lisilo lake ndipo kinapopata nguvu.

Buji: Hiyo kitu ndogo kabisa. Chura ukimumulikia taa, ananyamaza. Mi najua, nimetembea sana mu mpunga. Tunatafuta pikipiki ishirini, tunazunguka shamba, tunawasha mataa.

Sijaona: Na pikipiki ishirini haina kelele?

Buji: Tunazima injini.

Sijaona: Ukizima injini, taa inatoka wapi?

Buji akageuka kutazama karakana yake. Nusu ya pikipiki za Jabe zinapita mikononi mwake, na hakuna hata moja ambayo taa yake inakubali kuwaka injini ikiwa imelala.

Methali: Ninyi munahangaika bure. Wazee walisema zamani: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mimi: Maana yake ufanye kazi yako, usijali wenye kelele.

Methali: Apana, Gazeti, we unasoma juu juu tu. Kwa nini walitaja ng'ombe? Si wangetaja mbuzi? Walijua chura na ng'ombe hawapatani. Ng'ombe akishuka mu maji, chura anakimbia. Donc, basi, tunatafuta ng'ombe kumi, tunaziingiza mu shamba saa moja kamili.

Sijaona: Mu mpunga ya watu?

Methali: Dakika ishirini tu.

Sijaona: Ng'ombe kumi, dakika ishirini. Buterere itakula nini mwaka kesho?

Methali: Penye nia pana njia.

Sijaona: Njia ya ng'ombe.

Buji: Wallahi ng'ombe haisaidii. Mi nimefikiri ingine. Ile yenye kulia ni dume, inatafuta bibi. Sasa tunachukua sauti ya chura jike, tunaitia mu telefone, tunaifunga ku bafle, tunaiweka hapa kwetu. Zote zitatoka Buterere zikuje huku.

Sijaona: Subhanallah. Elfu mbili, hapa ku jiko yangu?

Buji: Kwa usiku moja.

Methali: Hakuna haja ya kuzileta. Dawa ni kuzioza. Mutu akisha kuoa hana tena nafasi ya kuimba. Muangalie Buji, zamani alikuwa mwimbaji wa arusi zote.

Buji: Hiyo kweli.

Methali: Unaona? Tunazioza zote kabla ya saa kumi na mbili, na saa moja kumenyamaza.

Sijaona: Kwa shehe ama kwa padri?

Methali: Kila mutu na dini yake.

Dosye alikuwa ameinamia kikombe chake muda wote huo, na nilidhani hasikii. Kumbe miaka thelathini na moja ya ofisi haimtoki mtu.

Dosye: Kwanza wapite ku komini, ku ofisi ya serikali, waandikishwe. Bila komini, ndoa haitambuliki.

Tulicheka hadi benchi likalia. Yeye hakucheka. Aliweka bahasha juu ya magoti, akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akatusomea kwa sauti ya kazini. Ilikuwa barua kwa wakubwa wa festivali, na nakala kwa watu watatu ambao sidhani kama walijua Orlane yupo duniani. Aliomba filamu ya binti yake itolewe kwenye usiku wa maji, ipelekwe usiku wa kufunga, mjini, ndani ya ukumbi wenye milango. Ilitakiwa ifike kabla ya saa tisa. Chini palikuwa na nafasi ya mashahidi wawili kutia sahihi.

Mimi: Orlane anajua?

Dosye: Hajui.

Sijaona: Na mama Lisette ataiona wapi?

Dosye: Atakuja mujini.

Sijaona: Na majirani zake? Na wale wote maji iliwatoa usiku moja na yeye? Nao watakuja mujini?

Dosye: Mama, usinichokoze.

Sijaona: Sikuchokozi, baba. Nauliza.

Dosye: Sikiliza basi. Jana mimi na Orlane tulitembea kwa miguu hadi ku barabara. Tulipofika nyumbani akaniambia: Papa, kama watu hawamusikii mama Lisette, basi Jumatatu naenda kuchukua ile kazi ya ofisi yenye ulinitafutia.

Sijaona: Si ndiyo ulitaka? Miaka mbili uko unatuambia hapa cinema si kazi.

Dosye: Nilitaka. Lakini jana nilimuona uso. Sasa sitaki tena. Naogopa, mama Sijaona. Naogopa atakuja kuwa kama mimi, na mimi ndiye nitakuwa nimeshinda.

Nimekaa na Dosye kwenye benchi hilo miaka saba. Nimemsikia akilalamikia pensheni, mvua, mapadri vijana na bei ya sukari, lakini sijawahi kumsikia akisema anaogopa. Nikatoa kalamu. Nilijua barua ile ni kosa, na Sijaona naye alijua, ila nani angemkatalia mtu anayekuangalia hivyo? Methali naye akanyoosha mkono kungojea zamu yake, akisema haba na haba hujaza kibaba. Sikumuuliza alikuwa na maana gani.

Kabla sijaandika herufi ya kwanza, baiskeli ikasimama mbele yetu, gurudumu la nyuma likifoka. Mwenye baiskeli alikuwa mwanamume mrefu, suruali imekunjwa hadi magotini, tope kavu miguuni, vumbi la mchele mabegani. Aliitwa Fortunat. Alikuwa ametoka kushusha mzigo sokoni.

Fortunat: Amahoro, bazee. Fundi, nitilie kiraka mbio mbio. Nataka kurudi Buterere.

Buji: Karibu. Haraka ya nini?

Fortunat: Filamu. Leo tunamuona mama Lisette, jirani yangu. Bibi yangu ametandika mukeka kule kiwanjani tangu saa sita, anafukuza mutu yeyote mwenye kukaribia.

Dosye aliinua kichwa.

Dosye: Bwana, na ile vyura?

Fortunat: Vyura gani?

Tukamtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa anamtazama Dosye kama mtu aliyeulizwa habari za ukoo usio wake, anajaribu kukumbuka kwa heshima. Ikabidi Methali avimbishe mashavu na kulia kama chura, mtu mzima na kanzu yake, watu wa sokoni wakageuka.

Fortunat: Aa, ile. Inalia, ndiyo. Imefanya nini?

Buji: Nyumba yako iko mbali na shamba?

Fortunat: Ukitoka ku mulango yangu, hatua tano uko mu maji.

Mimi: Na usiku unasikizana na bibi yako?

Fortunat: Kuzidi hata vile ningependa.

Sijaona alicheka hadi akashika kifuniko cha birika. Dosye hakucheka bado. Alikuwa amesimama.

Dosye: Bwana, nisaidie. Mutu akisema pole pole, karibu kunong'ona, wakati ile vyura inalia, watu wa Buterere wanamusikia?

Fortunat: Baba, sisi tumezaliwa mule ndani. Tunabembeleza watoto mule ndani, tunasengenyana mule ndani. Chura tunaisikia siku moja tu, siku inanyamaza. Mwaka ule wa maji ilinyamaza yote kwa mara moja, na Buterere yote ikaamka. Mutu akabeba mutoto, akabeba sufuria, akakimbia. Mutu wa kwetu, chura ikinyamaza, hakai chini tena.

Hapo Buji akagundua kwamba kiraka kile kinahitaji macho yake yote mawili. Methali akaanza kuhesabu shanga za tasbihi. Niliwaza uwanja mzima wa watu, ng'ombe wetu kumi wanaingia mpungani saa moja kamili, vyura kimya, na Buterere yote inanyanyuka na mikeka kichwani kukimbilia barabarani, Orlane amebaki peke yake na ekran yake.

Sijaona: Mumesikia? Mulikuwa munataka kufukuza watu wote.

Methali: Mungu si Athumani.

Hiyo nayo aliiweka karibu na mahali pake, na mara mbili kwa siku moja ni nyingi kwa mtu kama yeye.

Dosye akakaa. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshushiwa gunia, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaficha. Alinyang'anya kalamu mkononi mwangu, lakini barua hakuichana, maana Dosye hachani karatasi. Aliilaza juu ya goti, akaandika kwa mshazari, kwa ule mwandiko wa ofisini: Isifuatiliwe. Akatia tarehe, akatia sahihi, akairudisha kwenye bahasha. Ndipo akanywa kahawa yake, imepoa, yote kwa mara moja.

Dosye: Orlane ni mutoto yangu. Ile filamu ni yake.

Fortunat: We ndiye baba ya Orlane? Yule musichana alikuwa anakuja kwetu na kamera, viatu mukononi? Yoo. Basi nimepata mutu. Mama Lisette alikataa kabisa kutuambia, anasema tungoje tuone. Niambie tu kidogo, baba, sitamuambia mutu. Anasema nini mule ndani?

Dosye akanitazama mimi, nikamtazama Methali, Methali akamtazama Sijaona. Tangu saa nane tulikuwa tumewamulika vyura, tumewaswagia ng'ombe, tumewaoza mbele ya komini, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua neno moja la mama Lisette. Dosye mwenyewe, miaka miwili chini ya paa moja na ile filamu, hajawahi kumwambia binti yake aketi amwonyeshe.

Dosye: Sijui.

Alilisema taratibu, bila kumtazama mtu. Buji akamaliza kiraka, akajaza upepo, akabonyeza gurudumu kwa dole gumba mara mbili. Kahawa ilikuwa imekwisha na Sijaona alikuwa anakung'uta majivu. Dosye akavua tai, akaitia mfukoni, akaenda kusimama nyuma ya baiskeli, mkono juu ya kiti cha mzigo.

Dosye: Bwana Fortunat, ku ile mukeka ya bibi yako, nafasi ya mutu moja iko?