Mikono Isiyosikia Moto

Ndugu zangu, iangalieni kwanza mikono hii mpaka mshibe, ndipo niseme. Najua wengi mmekuwa mkiitazama kwa pembeni kila Jumapili hapa kanisani. Leo nimewaruhusu.

Niliolewa kule Chakol. Bwana yangu alilima pamba, na tulikuwa na binti mmoja, ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mwaka ule wa Uhuru nikatokwa na mabaka mgongoni, kisha vidole vikafa ganzi. Watu walikuwa wanacheza ngoma barabarani mpaka Malaba, na nyumbani kwetu mama mkwe anatenga kikombe changu. Baadaye akatenga sahani. Baadaye akatenga mtoto.

Siku bwana yangu aliponipeleka Alupe kwa wagonjwa wa ukoma, alinishusha kwenye baiskeli kabla hatujafika langoni. "Enda tu mbele," akasema. "Nitakuja kukuona." Ndugu zangu, nawaambia, mpaka leo hajaja.

Dawa nilipata, na ugonjwa ukarudi nyuma. Lakini vidole havikuamka. Halafu habari ikanifikia kwamba bwana yangu ameoa mwingine, na binti yangu ameambiwa mama yake alikufa. Kesho yake nilikuwa nakoroga uji wa wimbi huku nagombana naye kichwani, namjibu, namtukana. Nikasikia harufu ya nyama. Nikageuka nione ni nani leo amepata nyama ya kuchoma. Kumbe ni mkono wangu wa kushoto, umeegemea jiwe la jiko, uko ndani ya moto.

Vidole hivi viwili vilienda hapo.

Nilikataa chakula. Nilikataa hata kufungwa kidonda. Aliyenifuata ni mgonjwa mwenzangu, mama mmoja kutoka Matayos, mguu mmoja hana. Akaniuliza, "Mkono ulipoungua, ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa hapo hapo jikoni?"

"Hapana. Ulikuwa kwa bwana yako. Yeye anakula ugali wake, wewe unachomeka. Dada, ngozi yako imekufa. Sasa macho ndiyo ngozi. Ukishika kitu, kishike na macho."

Akanifundisha upya kama mtoto. Nikishika jembe, naangalia vidole kama vimekaza kupita kiasi. Kabla ya kuepua sufuria natafuta kitambaa, naangalia moto uko upande gani, ndipo naepua. Nikitoka shamba nakaa chini, nageuza mikono, natafuta kidonda ambacho hakiumi. Mawazo yakikimbilia Chakol, na yalikimbia sana, nayarudisha kwa sufuria. Nililia kwa hasira. Kuosha kikombe tu kunachukua muda wote huo, utafikiri mimi ni mvivu! Lakini vidonda vikapungua, na siku moja nikashtuka nimepalilia mstari mzima wa njugu bila kumtukana mtu.

Daktari akaniambia nimepona, nikaenda Chakol. Hawakunifungulia. Binti yangu, sasa msichana wa kwenda shule, alisimama nyuma ya ua akauliza, "Huyu mama anatafuta nani?" Nikaondoka.

Namshukuru kaka yangu, aliyenipa nyumba na kula mbele ya watu wote chakula cha kwanza nilichopika. Namshukuru mama yule wa Matayos, ambaye tumeshamzika. Wauguzi walionisafisha bila kuziba pua, nawashukuru. Na ninyi mnaohama benchi nikikaa, asanteni, mmenipa nafasi ya kutosha.

Sitawadanganya kwamba nimesamehe. Uchungu ninao, huu hapa. Ninachowaambia ni hiki: ukiwa na moto mbele yako, kaa na huo moto. Ukiwa na jembe, kaa na jembe. Aliyekutupa ameshachukua mengi, usimpe na vidole.

Nimemaliza. Anayetaka kunisalimia kwa mkono, aje. Sitausikia mkono wako, lakini nitauona.