Mzee Zabron na Miti Mia Nne na Kumi na Miwili

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Zabron Chilongola anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa misitu hapa Mikumi kwa miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ametaka mwenyewe iandikwe.

Alikuja Machi 1992 kutoka Zombo, akiwa kibarua wa kufyeka njia, juu ya baiskeli isiyokuwa na breki. Alikuwa akisimama kwa kuburuza kiatu, na wazee wa kituo wanasema kiatu cha kulia kiliisha mwezi wa kwanza. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwa mikataba ya miezi sita sita. Kila mkataba ulipoisha alirudisha stoo panga na buti, akasaini, na hakuna aliyeweza kumwambia kama utakuwepo mwingine. Kesho yake asubuhi alikuwa getini, akiuliza kama kuna chochote. Alipoajiriwa rasmi mwaka 2011 aliisoma barua mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: kama sasa buti zitabaki kwake.

Mzee Zabron ana elimu ya darasa la saba. Anaijua miti ya milima yetu kwa Kikaguru, kwa Kiswahili, na kwa yale majina marefu ya vitabuni, na nimewahi kumwona profesa akifungua kitabu chake kimya kimya baada ya kubishana naye, kisha akakifunga. Daftari zake za porini hazina neno la ziada. Kuna ukurasa wa mwaka 2004 wenye safu ya sababu za kuchelewa, naye ameandika: "Tembo. Saa mbili." Wanafunzi ishirini na mmoja wa shahada ya uzamivu wamepita mikononi mwake, na wote leo ni madaktari. Yeye huwaita watoto wa porini.

Alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Porini tunatembea kwa mstari: wa mbele anashika panga, wa mwisho anabeba daftari. Mtu aliyetoka msibani, Mzee Zabron humweka katikati. Hapewi mzigo, haulizwi kitu, na wala haambiwi akaze moyo. Mwenyewe akiwa tayari, ataomba panga au daftari. Nililielewa hilo mwaka 2016. Mume wangu Evarist, aliyekuwa mwenzake wa kupima miti, alifariki mwezi wa pili, na mwezi wa tano Mzee Zabron alikuja nyumbani akasema kambi ya Zombo haina mpishi. Nikapanda mlima nikiwa katikati. Njia nzima niliangalia kisigino cha buti lake. Siku hiyo sikulia, nami nilikuwa nimelia kila siku.

Lakini jambo ambalo mimi binafsi nitalisimulia hata kwa wajukuu ni la mwaka 2021.

Mwaka huo tulikuwa na Yusrah, binti wa Msowero, mhadhiri msaidizi wa mkataba aliyekuwa mwaka wa pili wa masomo ya uzamivu. Alikuwa mcheshi, akimwamkia Mzee shikamoo hata mara tatu kwa siku, na Mzee akiitikia marahaba zote tatu. Chuo kilikuwa kimempa sharti: vipimo vyote viwe vimefika mezani mwisho wa Novemba, ama mkataba wake usingeongezwa. Mwezi wa saba mama yake, Bi Sikuzani, alifariki kwa shinikizo la damu. Tulifunga kambi siku ile ile, sote tukaenda kuzika.

Arobaini ilipopita Yusrah alirudi. Mzee Zabron alikuwa amelazwa kwa malaria, kwa hiyo Yusrah akapanda na Deo, kijana wetu wa pili wa vipimo, kuanza eneo jipya ambalo miti yake haikuwa bado na alama za rangi za kuonyesha pa kupimia. Walifanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Yusrah alikuwa hali chakula, na usiku nilisikia akiwasha na kuzima tochi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufunga kamba za viatu. Katika siku kumi na nne walipima miti mia nne na kumi na miwili.

Siku ya kumi na tano Mzee alifika kambini, amekonda, akiegemea bodaboda iliyomleta. Akachukua fimbo ya kupimia. Wasomaji wa ofisini watanisamehe nikieleza: fimbo hiyo ina urefu wa mita moja na sentimita thelathini. Unaisimamisha kwenye shina, na pale inapoishia ndipo utepe unapozungushwa, ili kila mti upimwe unene mahali pamoja, mwaka huu na miaka ijayo. Mzee aliisimamisha mbele yake kama alivyozoea. Akaiangalia. Akaangalia shati lake.

"Fimbo hii ilikuwa inafika kifungo cha pili," akasema. "Nani kaikata?"

Nilijua hapo hapo. Tulipokwenda msibani fimbo ilibaki imeegemea ukuta wa udongo, na mchwa walikuwa wameila chini. Niliporudi kufagia nikaona ncha imechakaa, nikachukua kisu na kuichonga ikae vizuri, nikidhani nawasaidia. Nikamwambia ni mimi.

Mzee aliigeuza ile ncha mkononi. "Umeichonga vizuri kweli, Mama Donati," akasema, na Deo akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu Yusrah alikuwa amekaa chini.

Ilikuwa imepungua sentimita sita. Miti yote ya zile siku kumi na nne ilikuwa imepimwa mahali pasipo pake. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Kurudia eneo lile kulikuwa na maana ya kuacha jingine mpaka baada ya mvua za vuli, na Novemba isingesubiri. Deo alijaribu kumtetea Yusrah. Alisema ni vidole vinne tu, na kwamba hakuna profesa atakayepanda mlima wa Zombo kuja kuhesabu vidole. Mzee alimjibu kwamba profesa hatapanda, atapanda mtoto wa mtu mwingine baada ya miaka kumi, aone miti imekonda, asijue kwa nini.

Hakumwambia Yusrah la kufanya. Hilo nataka lieleweke. Daftari lilikuwa la Yusrah na kazi ilikuwa ya Yusrah. Yule binti alisema basi, yeye anaacha, mama hayupo na kazi nayo haitakuwepo, anamsomea nani. Alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu arobaini. Mzee alikaa chini kando yake, akamwacha mpaka alipotulia.

"Mama yako hujamaliza kumlilia," akamwambia. "Na miti haijahama. Ukitaka, kesho saa kumi na mbili tutaanza na mti wa kwanza, nawe utalia huko huko njiani. Sisi hatutageuka kuangalia."

Saa kumi na mbili Yusrah alikuwa nje, viatu vimefungwa.

Mzee akachonga fimbo mpya, akaipima mara tatu. Walitoka kwa mstari: yeye mbele na panga, ingawa malaria ilikuwa haijamwisha miguuni, Yusrah katikati, Deo nyuma na daftari. Nilikuwa nawapelekea chakula mchana. Siku nyingine nilimsikia binti akilia kabla sijawaona, na kweli hakuna aliyegeuka. Siku ya tisa nilipofika, Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe anakunywa maji, na Yusrah alikuwa mbele, anafyeka. Anafyeka vibaya, lakini anafyeka. Deo akaniambia kwa kunong'ona kwamba aliliomba panga mwenyewe, saa nne asubuhi. Siku ya kumi na saba walimaliza mti wa mia nne na kumi na mbili.

Novemba iliwapita. Mkataba haukuongezwa. Yusrah alilimaliza eneo la mwisho Machi, mvua zikiwa juu yake, kisha akarudi Kilosa mjini, akafundisha wanafunzi masomo ya ziada mchana na kuandika tasnifu asubuhi, mwaka mzima na zaidi. Mwaka 2023 alisimama mbele ya watahini. Mmoja akamwuliza kwa nini miti ile ina tarehe mbili. Angeweza kusema kitu chepesi. Aliwaeleza yote: msiba, mchwa, kisu changu, na mzee aliyegundua sentimita sita kwa kifungo cha shati. Wakampitisha.

Jioni hiyo alipiga simu, Mzee akaweka sauti tusikie sote jikoni. "Baba, nimepita," akasema Yusrah. "Ila sina kazi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi sikuwa nayo miaka kumi na tisa, mwanangu," akamwambia, "na kila siku nilikwenda."

Nilikuwa nimemjua mtu huyu miaka mingi, nimempikia uji usiohesabika, na bado nilisimama na mwiko mkononi nikimtazama kama mgeni aliyeingia.

Leo Dkt. Yusrah ana mkataba wa miaka miwili katika mradi mmoja wa misitu. Unaisha Desemba, na hajui baada ya hapo itakuwaje. Ametuandikia kwamba kwenye sherehe ya kumuaga Mzee atakuwepo, na kwamba keshokutwa yake ana miti ya kupima.

Mzee Zabron, asante. Asante kwa niaba ya watoto ishirini na mmoja, kwa niaba ya Deo, na kwa niaba ya Evarist, ambaye angeyasema haya vizuri kuliko mimi. Nenda nyumbani Zombo ukapumzike. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na miaka mingi na mkeo, Mama Imani, ambaye ametuma ujumbe mapema kwamba migomba yake haipimwi.

Fausta, Mama Donati
Jikoni, kambi ya Zombo